Ile Tatu Niliyoifuta

Habari za kifo cha Mzee Sigei zilinikuta kwenye foleni ya mbolea, nimeshika gunia tupu mkononi. Aliyenipigia simu alikuwa Kirui, mtu ambaye sikutarajia kuisikia sauti yake tena hapa duniani. Alianza kwa kicheko kama ilivyokuwa desturi yake, halafu akakumbuka kilichomfanya apige, akashusha sauti. "Karani," akasema, "mzee ametuacha. Mama Chebet anasema ukuje, na anataka uongee kidogo kwa mazishi. Tumekuweka kwa programu." Hakuna watu wengine wanaoniita Karani. Kwetu mimi ni Baba Kemunto, mzee wa ng'ombe watatu na goti bovu, na ukarani niliuacha mwaka uleule nilioushika. Lakini nilipokata simu nilijua tayari nitakachosema mbele ya jeneza lile, kwa maana nilikuwa nimekisema mara nyingi: kanisani, kwenye harusi za watu, kwa wanangu walipogombana na wenzao shuleni wakarudi wakiapa kwamba hawatamwamini mtu tena. Ni maneno matatu tu ambayo Mzee Sigei aliniambia mwaka ule wa uchaguzi, na miaka yote hii nimeyaona kuwa mali kuliko ng'ombe.

Sitasimulia nilizaliwa na nani wala nilisoma wapi. Mambo hayo hayakunisaidia lolote mwaka ule. Inatosha kusema kwamba mimi ni Mkisii, kwamba nilikuwa kijana asiye na mke, na kwamba kiwanda kimoja cha chai kilinituma kuwa karani kwenye kituo cha kununulia majani, mteremko mmoja chini ya Sigowet. Wakulima wote wa pale walikuwa Wakipsigis, na mimi peke yangu nilitoka ng'ambo ya Sondu, mpaka wetu na wao. Kituo chenyewe kilikuwa paa la mabati juu ya nguzo za mkaratusi, mbao upande wa nyuma, mbele wazi. Ndani palikuwa na mizani ya kuning'inia, meza yangu yenye mguu mmoja mfupi, na ubao mweusi ambao kiwanda kilileta ili tuandikie siku za kugawa mbolea. Karani aliyenitangulia alikuwa amefukuzwa na wakulima wenyewe kwa sababu ya kifutio: mtu alileta kilo ishirini, jioni kitabuni zikasomeka kumi na saba, na karatasi pale ilikuwa imekwanguka. Tangu siku hiyo kituo kiliweka sheria yake. Gunia likipanda mizani, karani anasoma kwa sauti, mkulima anarudia kwa sauti, ndipo inaandikwa. Na nambari haifutwi. Karani akikosea anakata mstari mmoja tu, ile ya kwanza iendelee kusomeka, anaandika ya pili kando, na wote wawili wanatia sahihi. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba.

Siku yangu ya kwanza Mzee Sigei, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kituo, alinipekua mifuko mbele ya umati. Hakupata kitu ila penseli yenye kifutio kidogo chekundu kwenye ncha. Alitoa kisu cha kupogolea chai, akakikata kile kifutio, akakitupa nje kwenye nyasi, akanirudishia penseli yangu. "Sasa wewe ni karani yetu," akasema. Watu walicheka, nami nikacheka nikiwa nimekasirika, kwa sababu penseli ilikuwa mpya. Ni jioni hiyohiyo aliponiambia kwamba ana chumba.

Chumba hicho bado ninakiona kuliko vyumba vingi nilivyolala baadaye. Kilikuwa kimeegemezwa kwenye jiko la Mama Chebet, mkewe, na kati yetu palikuwa na ukuta wa udongo tu, kiasi kwamba moto wao ulinipasha joto mgongo na mazungumzo yao yalinilaza. Nilijifunza Kikipsigis changu kibovu kupitia ukuta ule: majina ya ng'ombe, nani ameoa wapi, nani hajarudisha jembe. Chumba kilinuka moshi wa mti wanaosafishia vibuyu vya mursik, na mpaka leo nikinusa maziwa ya kuvunda yenye mkaa ninarudi pale moja kwa moja. Nilikula kwao. Usiku wa kwanza Mama Chebet aliweka ugali wa wimbi na mboga chungu iliyolazwa kwenye maziwa, akaniambia kwa fahari kwamba hiyo ni isagek, mboga ya Wakipsigis. Nikamwambia, mama, hii ni chinsaga, mboga ya Wakisii, nimelelewa nayo. Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Tangu hapo kila alipoipika aliniuliza, "Karani, leo tunakula mboga ya nani?" nami nilijibu, "Ya mwenye njaa." Huo ulikuwa mzaha wetu, na haukuwahi kutuchosha mpaka ulipokuja mwezi wa kampeni, wakati alipoacha kuniuliza bila yeye mwenyewe kujua kwamba ameacha.

Kwa maana kampeni ziliingia polepole namna ile, kama unyevu ndani ya gunia. Kwenye foleni ya mizani watu walikuwa wakiongea, nikifika wananyamaza, halafu mmoja anaanza habari za mvua. Kirui peke yake hakunyamaza. Alikuwa kijana wa rika langu, mcheshi, mwenye shamba dogo na mdomo mkubwa, na alizoea kuweka kidole chake chini ya gunia nikisoma mizani, kisha kukitoa na kucheka. "Karani," aliniuliza siku moja kwa sauti ya kila mtu kusikia, "nyinyi watu wa upande ile mnapigia nani?" Nikamjibu kwamba mimi napigia mizani. Walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Kura yangu niliipiga palepale Sigowet, sikumwambia mtu, na hata hapa siiandiki, kwa sababu haikubadilisha kitu.

Siku iliyofuata upigaji kura watu walichuma. Chai haingoji mtu. Majani yakipita siku zake yanakomaa na kiwanda hakiyataki. Kwa hiyo kufikia saa nane mchana kituo kilijaa magunia, nikapima yote, tukakaa kungoja lori la kiwanda. Lori halikuja. Ilipofika saa tisa bado halikuja, na hakuna mkulima aliyeweza kuondoka, kwa sababu majani yakikaa kwenye gunia yanapata joto, yanageuka mekundu kama yamechemshwa, na lazima mwenyewe awepo kuyageuza kwa mikono. Ndivyo tulivyojikuta pamoja kumi na kitu chini ya mabati, tukigeuza majani na kusikiliza redio ya Mzee Sigei, iliyokuwa ikisoma matokeo ya kiti cha rais, jimbo baada ya jimbo. Ilikuwa redio ndogo ya betri, imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila mwenyewe.

Hawakuweza kuyashika matokeo kichwani. Kila jimbo lililosomwa lilisukuma lingine nje. Ni Kirui aliyesema, "Si tuko na karani? Aandike kwa ubao." Nilisita. Ubao ulikuwa wa mbolea, na siasa kituoni ilikatazwa. Mzee Sigei alifikiri, akasema niandike lakini nisitaje jina la mtu, basi tukawapa wagombea wawili wakubwa majina ya nyumbani: mmoja Kikapu, mwingine Gunia. Kikapu ndiye aliyekuwa wao. Nikachora mstari katikati, nikaanza. Nasema kweli, nilifurahi. Kwa majuma mengi nilikuwa mgeni kwenye foleni yangu mwenyewe, na sasa walikuwa wakinitegemea tena. Mtangazaji alisoma, mimi nikasoma, wao wakarudia kwa sauti kama tunavyofanya na magunia, ndipo nikaandika. Kikapu alipopata jimbo walipiga mayowe. Gunia alipopata, Kirui alinitazama na kusema, "Furahia tu, Karani, usiogope," nami niliendelea kuangalia chaki.

Jimbo lile lilisomwa kabla tu ya mvua. Sitalitaja jina. Kikapu alipata nambari ya tarakimu tano iliyoanza na tatu, kubwa kuliko walivyotumaini, na mzee mmoja asiyewahi kusema alisimama akacheza akiwa ameshika fimbo. Niliiandika kwa chaki nzito. Kisha mbingu ikafunga, na kwa yeyote anayejua alasiri za Kericho sina haja ya kueleza kilichofuata. Mvua ya mawe ilishuka juu ya mabati yale kwa kishindo ambacho hata ukipiga kelele kwenye sikio la mwenzako hakusikii. Watu waliyarukia magunia wakayavuta kutoka upande ulio wazi, wakasimama wamenipa mgongo, wakitazama mawe yakichana chai yao. Mzee Sigei aliingiza redio ndani ya koti lake isilowe, akajikunyata kwenye kona chini ya ubao. Mimi niliinama nikaweka sikio langu kwenye kifua chake, kwenye koti, kwa sababu kazi ni kazi. Na nikamsikia mtangazaji, mbali lakini wazi, akiomba radhi kwa wasikilizaji kuhusu jimbo lile. Ile nambari ilikuwa imesomwa vibaya. Haikuanza na tatu. Ilianza na mbili.

Nilichofanya nimekifanya tena kichwani mara elfu, na kila mara mkono wangu unatangulia kabla sijauzuia. Nilisimama, nikafuta tatu kwa kiwiko cha sweta, nikaandika mbili. Sikukata mstari. Sikungoja mtu arudie. Kitabuni nisingethubutu hata ndotoni, lakini ule ulikuwa ubao, na ubao mtu hufuta, ndiyo maana ni ubao. Tena nilikuwa na haraka ya kuandika ukweli kabla haujanitoka. Huo ndio ujinga wangu wote. Karani aliyekatwa kifutio chake mbele ya watu, akafuta mbele ya haohao.

Mvua ikaacha. Nje palikuwa peupe. Michai ilisimama bila majani ya juu, vijiti tu, na wanawake wawili walishika vichwa tu, kwa sababu hakuna wa kumshtaki kwa mvua ya mawe. Walitazama mashamba yao muda mrefu. Kisha, mmoja mmoja, waligeuka kutafuta kitu cha kufariji macho, wakatazama ubao.

"Ile tatu imeenda wapi?" akauliza Kirui.

"Redio imesahihisha," nikasema. "Walikosea. Wameomba radhi, wamesema ni mbili."

"Redio gani hiyo? Nani alisikia?"

"Mimi nimesikia. Mvua ikinyesha."

"Wewe peke yako." Hakuwa akicheka. Alikuja karibu na ubao, akagusa lile wingu jeupe la chaki nyuma ya mbili yangu. "Na hapa tulisema aje juu ya kufuta? Elfu kumi, Karani. Umetoa elfu kumi ya watu na sweta."

Nilijaribu kueleza kwamba ubao si hesabu, kwamba hata nikiandika milioni pale Nairobi haisikii. Ni kweli tupu, lakini kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kusikika kama mtu aliyeshikwa. Mama mmoja, mkulima mpole aliyezoea kuniletea ndizi, alisema kwa sauti ya chini, "Kama anafuta mbele ya macho yetu, kwa kitabu je?" Mwaka mzima sikuwa nimeiba hata gramu. Jina langu pale lilikuwa kitabu kile, sikuwa na jina lingine, na sasa walikuwa wakikifungua, wanapekua karatasi za kaboni wakitafuta mahali palipokwanguka.

Kisha wote walimgeukia Mzee Sigei, kwa sababu redio ilikuwa kwake. "Mzee, wewe ulikuwa nayo. Ulisikia?" Aliitoa ndani ya koti, akaipangusa, akaiweka mezani. Ilikuwa ikisoma majimbo ya mbali. Alichukua muda mrefu kurekebisha ule mpira wa baiskeli. "Mvua ilikuwa mingi," akasema hatimaye. "Mimi sikusikia." Ndipo akaongeza, na akasema akiwatazama wao, si mimi: "Sikusikia, lakini huyu kijana mimi namwamini."

Maneno hayo yaliwazuia. Sisemi waliniamini, walimheshimu tu. Kirui aliichukua chaki mkononi mwangu, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akasema tungoje basi, mtangazaji atarudia, na ukweli utajulikana. Tukangoja. Leo mtu angetoa simu mfukoni na jambo lingeisha kwa dakika moja, au labda lingekuwa baya zaidi, sijui. Wakati ule kituoni palikuwa na simu mbili na mtandao ulikuwa umelemewa, hazikupita. Tulingoja jioni yote, tukigeuza majani yaliyokuwa yakizidi kupata joto, na kila mtangazaji aliposema "wasikilizaji" niliacha kugeuza majani. Alisoma majimbo mengine. Alisoma matangazo ya dawa ya kupe. Lile hakulirudia. Watu waliopita njiani kutoka kwenye redio nyingine walileta nambari zao, na kila mmoja alikuwa na yake. Sijawahi kuwa mnyonge kama nilivyokuwa mbele ya kile kisanduku kidogo, nikimwomba Mungu amfanye mtu nisiyemjua, aliye mbali huko, aseme sentensi moja aliyokwisha kuisema.

Usiku ule kwenye chumba changu hapakuwa na wito wa chakula. Mama Chebet alileta sahani mwenyewe, akaiweka mlangoni, akaondoka. Kupitia ukuta niliwasikia wakiongea kwa sauti ya chini sana, na Kikipsigis changu hakikutosha; nilishika jina langu mara mbili, kisha sauti ya Mama Chebet ikipanda kama mtu anayesisitiza, kisha ya mzee ikimkata, kisha moto tu. Asubuhi lori bado halikuwa limekuja. Tulifungua magunia, na majani yalikuwa mekundu, yanatoa mvuke na harufu ya tunda lililooza. Wakulima waliyamwaga nyuma ya kituo, majani ya mwisho waliyochuma kabla ya mvua ya mawe, wala hapakuwa na mengine ya kuchuma. Hakuna aliyenisemesha. Nilikaa mezani na kitabu changu kimefungwa. Adhuhuri Mzee Sigei alikuja akasema, "Chukua vitu yako. Wamesema usilale hapa leo, na mimi sina nguvu ya kukesha mlangoni."

Alinisindikiza kwa miguu kuelekea Sondu, kwenye vijia vya mashambani, yeye mbele na begi langu begani mwake, akikataa nilibebe. Tulikutana na watu, na kila mara alinisemesha kwa sauti kubwa mambo ya ng'ombe ili waone niko na nani. Karibu na barabara alisimama. Alikuwa akihema. Nilimwambia, "Mzee, naapa kwa Mungu, nilisikia." Akatazama chini kwenye viatu vyake vya mpira muda mrefu, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Sikusikia, lakini nakuamini." Akageuka akarudi.

Mshindi alitangazwa nikiwa kwenye kibanda cha chai upande wa pili. Sitasema watu walivyopokea. Kila aliyeishi mwaka ule anayo yake, na kwa majuma yaliyofuata nilisikia habari za pande zote mbili ambazo sikutaka kuzisikia. Mimi nilikuwa nawaza ile tatu tu. Lakini yale maneno matatu yalinisimamisha. Kuamini kwa sababu umeona au umesikia, nilijiambia, hilo hata mizani inaweza. Kumbe palikuwa na mtu mmoja upande ule aliyeniamini bila ushahidi wowote, wakati ambapo kuniamini kulikuwa na hatari. Kwa ajili yake sikuweza kuwachukia wote. Wenzangu walipokaa kutukana watu wa ng'ambo, nilisimulia habari za Mzee Sigei, nao wakanyamaza. Naweza kusema nimejenga maisha yangu juu ya sentensi hiyo.

Basi nilikwenda kumzika. Kituo sasa kina ukuta wa mawe na mizani ya umeme inayotoa risiti yenyewe, ubao haupo. Kirui alinipokea barabarani, kichwa cheupe, tumbo mbele, akanikumbatia hadi goti likalia. "Karani! Bado unafuta?" akapiga kelele, na wazee waliokuwa kwenye viti wakaangua kicheko, maana ile tatu imekuwa kichekesho cha kijiji, watoto wanaijua. Nikacheka pamoja nao. Ungefanya nini? Baadaye aliniambia, bila kunitazama, kwamba wakati ule walikuwa vijana na vichwa vilikuwa moto, nami nikamwambia najua. Sikumdai zaidi. Akaniuliza tu nitasema nini mbele ya jeneza, nikamwambia ni yale maneno ya mzee ya kuniamini.

Mama Chebet aliniita jikoni kabla ya ibada. Ni jiko lilelile. Chumba changu sasa wanawekea kuni. Alikuwa amepungua, mdogo ndani ya kitambaa cheusi, lakini alinimiminia chai mwenyewe, na kando akaweka sahani ya mboga na ugali wa wimbi. Nilingoja aniulize ni ya nani. Hakuuliza. Alikaa kwenye kigoda karibu na moto.

"Karani," akasema, "Kirui ameniambia vile utasema. Ile maneno ya kuamini."

"Ndiyo, mama. Ndiyo kubwa niliyo nayo."

"Alisikia."

Sikuelewa. Akarudia polepole, kama mtu anayemsomea mkulima kilo zake. "Usiku ile alikuja akakaa hapo ulipokaa. Akakataa kukula. Akaniambia, kijana amesema ukweli, ni mbili, mimi nilisikia na masikio yangu. Nikamwambia rudi basi useme. Akasema, nikisema namwamini, watasema mzee amekuwa mpole. Nikisema nilisikia, watasema nimeuzwa, na tuko na watoto hapa." Alisukuma ukuni ndani. "Kila mwaka alikuwa anasema ataenda kwenu akwambie. Kila mwaka. Hata kwa hospitali."

Redio ilikuwa ndani ya koti lake. Nilikuwa nimeweka sikio langu juu ya kifua chake, nje ya kitambaa, nikasikia kila neno, na kwa miaka yote hii sikujiuliza hata mara moja aliyekuwa ndani ya koti alisikia nini. Mtu aliyeaminiwa haulizi maswali. Nilimtazama yule mama na kitu cha kwanza nilichohisi, naliandika bila kujificha, ni hasira. Si kwa marehemu, bali kwake yeye, kwamba hakuniacha na kitu changu.

"Mbona unaniambia leo?" nikauliza. "Ungeniacha niseme, niende zangu."

"Ungesema, watu wapige makofi," akajibu, "na mimi nikae pale mbele kwa kiti, nikisikiza peke yangu. Nimesikiza peke yangu tangu wakati ile. Nimechoka, Karani."

Nilikula ile mboga yote, kwa sababu kuiacha kungekuwa tusi. Nilipotoka hema lilikuwa limejaa. Jeneza lilikuwa kwenye meza mbili, na juu yake wameweka picha yake akiwa amevaa koti, sijui kama ni lile. Kwaya ya kina mama iliimba. Kirui, ambaye ndiye aliyeongoza programu, alishika kipaza sauti akasema sasa ni zamu ya Karani wetu, rafiki wa mzee, ametoka mbali. Nilisimama na goti langu nikaenda mbele. Kutoka pale niliona mteremko wote wa chai, ya kijani, imeshonana, hujui kama iliwahi kuchanwa. Nilikuwa na mambo mawili mdomoni, na moja lingemvua marehemu koti mbele ya wanawe. Niliwaza kuyaacha yote mawili, niwashukuru kwa chai nikae.

Nikawaambia habari za penseli, wakacheka. Nikawaambia habari za mboga, wakacheka zaidi. Kisha nikawaambia kwamba siku moja, mwaka wa matokeo, nilipokuwa sina mtu hata mmoja, Mzee Sigei alibeba begi langu mpaka karibu na Sondu, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia, "Sikusikia, lakini nakuamini." Ndivyo alivyosema. Sikuongeza, sikupunguza. Watu walipiga makofi, Kirui akafuta macho, na mchungaji akasema amina kwa sauti. Mama Chebet hakupiga. Aliinua uso akaniangalia, nami nikamwangalia, mpaka makofi yakaisha.